Inchi Tatu za Pamba

Mimi Ng'washi nina mdomo. Nalisema mapema ili msije mkaambiwa na wengine. Mume wangu Paschal hudai kwamba siku niliyozaliwa mkunga alinisikia kabla hajaniona, na kwa kuwa mkunga huyo alikuwa shangazi yake mwenyewe, sina la kubisha. Mdomo huo ndio ulionipa uenyekiti wa kamati ya lambo la kijiji chetu, nje kidogo ya Bariadi. Na mdomo huohuo ndio ulionisimamisha mbele ya mkutano wa kijiji nikaapa kwamba tukilifunga lambo miezi kumi na tisa, mtu asitie hata ndoano, siku ya kulifungua tutakula sato wa kujaza sahani.

Lambo lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Samaki walipandwa baadaye, nasi tukawala vibaya. Kila nyumba ilikuwa na kipande cha chandarua, na chandarua hakichagui. Kinachopita mle ni maji tu. Tulichota vitoto vya samaki vya kuenea kwenye kijiko, tukavianika, tukavipika na nyanya, tukajisifu kwamba tuna kitoweo. Kila mwaka vilizidi kuwa vidogo, na kila mwaka tulitafuta chandarua chenye matundu madogo zaidi. Akili zetu zilikuwa zimeishia hapo.

Ndipo akaja Sadick, afisa uvuvi wa wilaya, kijana mwembamba mwenye rula ya plastiki mfukoni. Alituonyesha kwamba tundu la wavu huitwa jicho, na jicho hupimwa likiwa limevutwa likanyooka.

"Jicho likiwa dogo," alisema, "mnamkamata mama, mtoto na mjukuu siku moja. Mwakani nani azae? Likiwa la inchi tatu, mtoto anapenya. Anaenda kukua, anazaa, halafu ndiyo mnamkamata. Yaani mnakula na bado mnabaki nao."

Sikulala vizuri siku hiyo kwa hasira ya kuwa nimekula mifugo yangu ikiwa ndani ya yai. Mfugaji gani anachinja ndama wote halafu anashangaa zizi kuwa tupu? Nikalipeleka jambo mkutanoni, nikaapa kiapo changu, na lambo likafungwa.

Kufunga lambo ni rahisi kwa mwenye kuku. Kwa mayu Nyanjige, yaani mama Nyanjige, haikuwa rahisi. Ni mjane, ana wajukuu wanne nyumbani, na chandarua chake kilikuwa ndicho bucha yake. Wiki ya pili ya kufunga nilimkuta majini alfajiri, sketi imefungwa kiunoni, nikamnyang'anya chandarua mbele ya watu. Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mama wa umri ule, na niliyasema kwa sauti.

Tangu siku hiyo hakuitikia salamu yangu. Kwetu Usukumani unaweza kumnyima mtu mbegu, unaweza kumnyima jembe, lakini salamu unaitikia. Nilikuwa nampigia goti, "Mwadila, mayu," naye anaangalia ng'ombe walio nyuma yangu kana kwamba wao ndio waliosema. Miezi kumi na minane na ushee. Nilijifanya haikuniuma, lakini iliniuma.

Ulipokaribia mwezi wa sita, mwezi wa kulifungua, tukaanza habari ya wavu. Wengine walitaka tununue wa nailoni kule Lamadi, ziwani. Mzee Shigela akakataa. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Maswa, na mpaka leo akisikia neno nailoni hukunja uso.

"Sisi ndio pamba," alisema. "Mkoa mzima huu ni pamba. Halafu tukavue kwa plastiki? Guku yangu, babu yangu, alivua kwa wavu wa pamba, na aliusuka mwenyewe."

Hapo alinipata. Napenda sana jambo ambalo majirani hawana. Tukakusanya pamba yetu wenyewe, wanawake kumi na wawili, tukaisokota kwenye mapaja mpaka yakawa mekundu. Mzee Shigela akatufundisha kufunga mafundo. Miezi miwili tulikaa kwenye kibaraza cha ghala la chama cha ushirika, tunasuka, tunasema watu, tunacheka. Kila jicho nililipima mwenyewe kwa rula. Lililopungua hata mstari mmoja nilifumua, na aliyelisuka nilimpa maneno yake. Paschal alipita hapo siku moja akauliza, "Mama Salu, hao samaki watakuja na vyeti vya kuzaliwa?" Nikamfukuza.

Wavu ulipokwisha tuliutundika ukutani. Ulikuwa mweupe ajabu. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kuutazama, na bibi harusi mmoja aliyekuwa njiani kuelekea kanisani alisimamisha gari akapigwa picha mbele yake. Nilisimama pembeni nikijifanya nina shughuli, ili nami nitokee kwenye picha.

Mzee Shigela akaniambia, "Sasa tuuloweke siku tatu. Halafu tuuchemshe na magome ya mti, uzi ukomae usioze. Ndipo tupime upya."

"Magome yatautia rangi gani?"

"Wekundu. Kama matope hivi."

"Mzee wangu, wageni wa ufunguzi wanakuja Jumamosi. Wataukuta mweupe. Utauchemsha baadaye."

"Ng'washi, uzi wa pamba ukiona maji mara ya kwanza huwa una mambo yake."

"Utayafanya mambo yake Jumapili," nilimjibu. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Sikuuliza mambo gani.

Jumamosi ilifika na kijiji kizima kilikuwa ukingoni mwa lambo kabla ya saa tatu. Masufuria ya ugali yalikuwa motoni, nyanya zimekatwa, ndimu zimepangwa. Mwenyekiti wa kijiji, Ndaki, alikuwa ametangaza utaratibu: tutavua, tutakula, kisha tutapiga kura hapohapo. Upande mmoja wanaotaka lambo lifungwe tena mpaka mwezi wa sita mwakani. Upande wa pili wanaotaka kila mtu avue apendavyo kama zamani. Nilijua vizuri kabisa kwamba vyandarua havikutupwa. Vilikuwa vimekunjwa chini ya vitanda vikisubiri kura hiyo. Samaki wakitoka wadogo, miezi yote kumi na tisa ingekuwa imekwenda bure, na wavu wetu ungebaki wa kupigia picha.

Sadick alichelewa. Watu wakakosa subira, nami nikasema basi tuuingize wavu majini tuuache umetandazwa, akifika tuvute. Ukakaa majini kwa muda wa karibu saa mbili. Hatimaye pikipiki ikaonekana.

"Shikamoo mama. Samahani sana, gari limezingua huko Lamadi, nimekuja na boda."

"Marahaba. Shika rula yako uone kazi."

Kamba moja ilishikwa na Wagika, nyingine na Wagalu, vikundi vyetu vya ngoma ambavyo havijawahi kukubaliana hata juu ya saa ya kuanza kucheza. Wakavuta kwa nyimbo, kila upande ukiutukana mwingine kwa mashairi, watu wakicheka mpaka wanashika mbavu. Lakini niliona kitu. Wavu ulikuwa mzito kupita kiasi. Wanaume walikuwa wanainama, visigino vinazama, na sehemu ya chini ya wavu ilikuwa inanyanyuka kutoka topeni. Ulipofika ukingoni tukauvuta nchi kavu, na mfuko wake wa katikati ukawa unarukaruka.

Watu walipiga vigelegele. Halafu vigelegele vikapungua, vikaisha.

Walikuwa vitoto. Mamia. Nusu shibiri, wengine hata nusu hawafiki, wamebanana kwenye pamba mpaka hakuna nafasi ya maji kupita. Katikati yao walikuwemo sato watano au sita wa maana, basi. Wakubwa wengine walikuwa wamepita chini wavu uliponyanyuka, tena niliwaona wakigeuza migongo yao katikati ya lambo.

"Miezi kumi na tisa kwa hawa?" sauti ya mwanamume ilisema nyuma yangu. "Chandarua changu kingewaleta kwa dakika kumi."

Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Niliinama nikaingiza vidole vitatu kwenye jicho la wavu, vidole vilevile nilivyokuwa navyo tangu zamani, ambavyo juzi vilipita vikicheza. Havikuingia. Sadick akachuchumaa kando yangu, akalivuta jicho moja, akaweka rula.

"Mbili na robo," alisema polepole. "Mama, hii siyo tatu."

"Ilikuwa tatu. Nimepima yote."

"Ulipima kavu?"

Nilimtafuta Mzee Shigela kwa macho, naye alikuwa ananitazama bila furaha yoyote ya kushinda, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi. Uzi ulikuwa umekunywa maji, ukavimba, ukajikunja, na kila fundo likakaza. Wasukuma wenye pamba mpaka kwenye mito ya kulalia, na tumesahau kwamba pamba hurudi.

Nikasimama. Nilikuwa na njia mbili za kusema, na mojawapo ilikuwa kumlaumu aliyesokota uzi. Nawajua wenzangu, wangeipokea bila kuuliza. Lakini nilikuwa nimechoka na mdomo wangu.

"Jamani," nikasema, "Mzee Shigela aliniambia tuuloweke kwanza na tuupime tena. Nilikataa mimi. Nilitaka ubaki mweupe. Hawa samaki si kosa la kufunga lambo, ni kosa langu. Naomba tuwarudishe majini sasa hivi, kabla hawajafa, turekebishe wavu, tuvute tena."

Ugali ulikuwa unatokota. Mama mmoja akasema kwa upole, "Mayu, watoto wana njaa. Samaki ni samaki." Na wengi wakaitikia chinichini. Sikuwalaumu. Samaki mkononi, moto tayari, halafu mtu aliyekiri kukosea anakuomba uwamwage. Hata mimi nisingejisikiliza.

Ndipo mayu Nyanjige akatoka kwenye kundi. Alishuka mpaka kwenye wavu, akachota beseni zima la vitoto, akalipachika kiunoni. Nikajua anapeleka kwa wajukuu wake, na nikajua kwamba nikifungua mdomo kumzuia mara ya pili, sitamtazama usoni maisha yangu yote. Nikanyamaza.

Hakupanda juu. Alishuka kwenye maji mpaka magotini, akainamisha beseni, akawamwaga wote polepole.

"Hawa nimewala miaka kumi na moja," aliwaambia watu. "Nawajua ladha, nawajua miiba. Leo nimekuja kumwona mama yao."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha ukingo wote. Na kicheko hiki kilikuwa kizuri. Watu wakashuka na mabeseni, na ndoo, na kofia, na kanga, wakawarudisha samaki majini wakigombania kama wanavyogombania kuchota maji ya bomba. Wagalu wakadai wamerudisha wengi kuliko Wagika. Wale watano sita wakubwa tuliwabakiza kwenye ndoo.

Nilimwendea Mzee Shigela nikapiga goti kabisa, tope likanipanda mpaka kwenye sketi. "Mzee wangu, nifanye nini?"

"Inuka kwanza, unachafua nguo," alisema. Akashika wavu, akavuta macho mawili yaliyopakana. "Unaona? Kati ya jicho hili na hili kuna uzi mmoja tu. Ukiukata, yanakuwa jicho moja. Mafundo yenyewe hayafumuki, niliwafundisha vizuri. Tukate kwenye mfuko wa katikati tu, kule wanakorundikana. Kata moja, acha, kata moja, acha."

Sadick akapima kwa vidole hewani, akakokotoa, akasema itakuja tatu na ushee kidogo, na kwa sheria yetu inafaa kabisa.

Kukata wavu uliousuka kwa miezi miwili, mbele ya watu, si kazi ndogo. Nilijua kila fundo lilisukwa siku gani na tulikuwa tunamsema nani. Nikaomba wembe. Nikakata uzi wa kwanza mwenyewe, na machozi yalinitoka, siwezi kuficha. Wenzangu kumi na mmoja wakakaa chini wakaanza kukata, na haikuchukua muda tukaanza kucheka, maana Paschal alikuwa amesimama juu yetu akisema kwamba ndoa yake na mimi imekuwa hivyohivyo, kila akiloweka jambo linarudi dogo, na hakuna aliyewahi kumpa wembe.

Saa saba tukaingia tena majini. Safari hii wavu ulikuja mwepesi, ukishika tope chini. Niliona kwa macho yangu vitoto vikichomoka kwenye mfuko, vikimeta, vikirudi nyuma yetu kundi kwa kundi, na watoto ukingoni wakivihesabu kwa kelele mpaka hesabu ikawashinda. Nao wale wakubwa hawakuwa na pa kupita. Mfuko ulipotoka majini ulikuwa mzito wa aina nyingine, uzito wa vichwa na mikia. Sato wa shibiri moja, shibiri na nusu, wenye mapezi mekundu, wanapiga mikia mpaka tope linaturukia machoni.

Sikupiga kelele. Mimi, ambaye hupiga kelele hata nikikuta chumvi imeisha. Nilikaa chini kwenye tope nikacheka peke yangu kwa furaha mpaka tumbo likauma, na Sadick akawa ananiuliza kama naumwa.

Tulikula mpaka jua likaanza kuinama. Kila nyumba ilipata, na nyumba zenye watoto wengi zilianza. Mayu Nyanjige alipewa wa kwanza kuchagua, hakuna aliyepanga hivyo, watu walimsogezea ndoo tu. Alichagua sato mkubwa kuliko wote, bado anapumua, akamtia kwenye beseni la maji miguuni pake, akamshika kwa mikono miwili asimponyoke. Hakutaka akaangwe pale. Alisema anampeleka nyumbani mzima, wajukuu wamwone kwanza.

Kisha Ndaki akasimama kwenye kiti na daftari lake. "Haya, tusilewe samaki tukasahau kazi. Wanaotaka lambo lifungwe tena mpaka mwezi wa sita mwakani, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda, mingine ina ugali, mingine ina miiba. Ilikuwa mingi, ya kutosha kushinda. Nilipaswa kuitazama yote, lakini nilikuwa natazama sehemu moja tu. Mayu Nyanjige hakunyoosha. Alikaa na samaki wake, anatazama maji. Nilitaka wote, lakini kuliko wote nilimtaka yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyelala bila kitoweo kwa ajili ya kiapo changu.

Ndaki naye akaona. "Mayu Nyanjige, wewe uko upande gani?"

"Wewe Ndaki huoni?" alisema. "Mikono yangu ina kazi."

Halafu akanigeukia mimi, siyo ng'ombe, mimi. "Mwadila, Ng'washi," akasema.

Nikaitikia, "Mwadila, mayu."

Ndipo akasimama, akamnyanyua sato juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni, na samaki akipiga mkia mbele ya kijiji kizima. Ndaki akahesabu mikono miwili, akaandika kura mbili, na mimi, ambaye hubishana mpaka na redio, sikumsahihisha.